Njia Nne za Ujumbe Usio na Waya

Tumezoea kuhakiki vitabu, tamthiliya na nyimbo. Vifaa hatuvihakiki. Kifaa kikija tunakipokea kwa makofi, kikiharibika tunakitupa kabatini, na kikija kingine tunapiga makofi upya. Kwa mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akisahihisha maandalio ya masomo ya walimu tarajali, tabia hii haipendezi. Kifaa nacho ni kazi ya akili ya binadamu. Ndani yake limo wazo la fundi juu ya mtu atakayekitumia: yuko wapi, ana fedha kiasi gani mfukoni, na jioni akifika nyumbani atapata umeme au hapati. Wazo hilo laweza kuwa sahihi au potofu, na kila mtumiaji ana haki ya kulipima.

Katika insha hii nataka kupima kazi moja ya namna hiyo, yaani kompyuta za kiganjani zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 1996, na hasa njia ambazo mafundi walizibuni ili kuziunganisha na intaneti bila waya. Yumkini msomaji atauliza: mzee mstaafu wa Nyanda za Juu Kusini ana habari gani na vidude vya Marekani ambavyo havitengenezwi tena? Jibu langu ni kwamba swali lilelile limerudi mlangoni kwetu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Kishikwambi ni mjukuu halali wa kompyuta ya kiganjani. Ukitaka kujua maradhi ya mjukuu, hapana budi umchunguze na babu.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, kwa sababu njia yoyote ya mawasiliano hupita katika nchi. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Aliyepita barabarani tu anaweza kudhani kwamba ameiona mikoa hii. Hajaiona. Wakati wangu wa kazi Mkoa wa Iringa ulishika pia Njombe, Ludewa na Makete, ambazo tangu 2012 zimo katika Mkoa wa Njombe. Na Mkoa wa Mbeya ulishika pia Mbozi na Ileje, ambazo tangu 2016 zimo katika Mkoa wa Songwe. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000 kwenda juu. Uwanda wa Kitulo uko juu ya mita 2,500. Kati ya vilima hivyo kuna mabonde ambayo ukisimama ndani yake unaona shule ya jirani kwa macho, lakini kuifikia ni safari ya nusu siku kwa miguu.

Milima ina sheria yake juu ya redio. Mawimbi mafupi, yaani yale yaliyotumiwa na simu za upepo za misheni, hospitali na polisi, hupanda juu, hugonga tabaka la anga na kurudi chini mbali sana. Kwa hiyo yaliweza kuruka mlima. Mawimbi ya simu za mkononi hayana uwezo huo. Husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi, na nyuma ya mlima huacha kivuli. Ndiyo maana mpaka leo kuna vijiji ambamo watu hujua kichuguu au mwamba fulani wa kusimama ili kupiga simu. Atakayebuni njia ya mawasiliano kwa ajili ya Makete bila kukijua kivuli hicho atakuwa amebuni kwa ajili ya mji wake mwenyewe.

Hapa nitoe mfano mmoja ambao kwangu ndio kipimo cha mengine yote. Mwaka 1989, nilipokuwa mkufunzi, mwalimu tarajali mmoja alikuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule iliyo mgongoni mwa mlima huko Makete. Baba yake alifariki Chunya. Ndugu zake walifanya lililowezekana siku zile: walipeleka tangazo Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangazo lilisomwa, jina lake likatajwa, akaombwa afike haraka. Nchi nzima iliweza kulisikia. Lakini betri za redio ya nyumba aliyokaa zilikuwa zimekwisha, na duka la karibu halikuwa na nyingine. Alipata habari siku ya tano, kwa mdomo wa mtu aliyetoka sokoni. Alipofika Chunya, matanga yalikuwa yameanuliwa. Ujumbe ule ulipita juu ya paa la nyumba yake kwa kasi ya mwanga, bure, bila kasoro yoyote ya mtambo. Haukushuka tu.

Kwa hiyo, kila nisikiapo sifa za njia mpya ya mawasiliano, siulizi kwanza ina kasi gani. Nauliza maswali mawili. Ujumbe unasubiri wapi mpaka mwenyewe apatikane? Na nani anagharamia hatua ya mwisho ya kuufuata? Kwa maswali haya mawili tuzipime njia nne.

Kompyuta ya kiganjani iliyowafungulia wenzake mlango ni Pilot, iliyotoka Marekani mwaka 1996 na baadaye kujulikana kwa jina la Palm. Ilikuwa na ukubwa wa kutosha kuingia mfuko wa shati. Mtu aliiandikia kwa kijiti, akahifadhi anwani, kalenda, madeni na kumbukumbu za vikao. Uingereza nayo ilikuwa na Psion, ambayo toleo lake la Series 5 la mwaka 1997 lilikuwa na vibonye vya kuandikia kwa vidole. Vyote viwili vilitumia betri za kawaida za dukani, na betri hizo zilidumu majuma. Sifa hii naitaja kwa makusudi, kwa sababu wajukuu wake wameipoteza. Hata hivyo kifaa kilikuwa kisiwa. Ili kupata barua ulikichomeka katika kompyuta kubwa, kikanakili kilichokuwamo, ukaondoka nacho. Wenye haraka hawakuridhika. Walitaka kisiwa kiwe na daraja.

Njia ya kwanza ilikuwa kuweka redio ndani ya kifaa chenyewe. Mwaka 1999 kampuni ya Palm ilitoa Palm VII, ikianzia eneo la New York. Ilikuwa na antena ndogo ya kukunjua. Ulipoinyanyua, kifaa kiliamka na kuutafuta mtandao uitwao Mobitex, ambao asili yake ni Sweden na ambao Marekani uliendeshwa na kampuni ya BellSouth. Kasi yake ilikuwa biti 8,000 kwa sekunde, yaani takriban herufi 1,000. Wengi waliicheka kasi hiyo. Mimi siicheki. Ukurasa uliopigwa chapa una herufi kama 2,000. Kuupokea kwa sekunde mbili au hata kumi si jambo la kulalamikia kwa mtu aliyewahi kusubiri barua ya wizara kwa miezi miwili. Tena mafundi wake walikuwa na busara moja kubwa: hawakujaribu kuleta intaneti nzima kiganjani. Walileta vipande vilivyokatwa na kupunguzwa, kama hali ya hewa, ratiba ya ndege au bei ya hisa, ili kifaa kidogo kisibebeshwe mzigo wa kifaa kikubwa.

Kasoro ilikuwa katika malipo. Mpango wa bei ya chini ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi kwa kilobaiti 50. Tufanye hesabu ya darasani. Kilobaiti 50 ni herufi kama 50,000. Ukigawanya kwa 2,000 unapata kurasa 25. Yaani kila ukurasa unaosoma au kuandika unakugharimu senti 40 za dola, na ukurasa wa 26 una nauli yake ya ziada. Kwa mfanyabiashara wa New York hilo lilivumilika. Lakini tazama wazo lililojificha humo: anayepokea ndiye anayelipa, na analipa kwa herufi. Barua isiyo na maana aliyotumiwa na mtu asiyemjua inamla fedha zake. Ujumbe unasubiri mbali, kwenye mitambo ya kampuni, na mwenyewe hulipa kila anapoufuata. Kwa kipimo changu, njia hii inaanguka, hata kabla hatujataja kwamba nje ya Marekani antena ile ilikuwa pambo tu. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka 2004.

Njia ya pili ilikuwa kukivika kifaa modemu mgongoni. Kampuni ya OmniSky iliuza modemu iliyoshikana na Palm V na kutumia nafasi zilizokuwa wazi katika mitandao ya simu za mkononi ya kizamani ya Marekani, kwa kasi ya biti 19,200. Nyingine, Ricochet ya kampuni ya Metricom, ilitundika visanduku vidogo vya redio kwenye nguzo za taa za barabarani, kisanduku kikipokezana na kisanduku. Ilianza na biti 28,800, na mwaka 2000 ikafikia 128,000. Hapa malipo yalikuwa ya mwezi mzima bila kuhesabu herufi, na hilo nalipongeza. Mtu hawezi kujifunza huku akiitazama saa ya teksi. Lakini njia hii ilidhani kwamba dunia ina nguzo za taa. Kila mji ulihitaji maelfu ya visanduku kabla mteja wa kwanza hajalipa. Metricom ilifilisika katikati ya 2001, na OmniSky ikafuata kabla ya mwaka huo kwisha. Walikuwa na kasi nzuri na vifaa vizuri. Walichokosa ni watu wa kutosha kuulipia mtandao uliojengwa kwa ajili ya wachache. Ikiwa nguzo za taa za miji ya Marekani hazikutosha kuilisha njia hii, sisi wa Ileje tungeilisha kwa nguzo zipi?

Njia ya tatu ndiyo niliyoiona kwa macho yangu. Palm ilikuwa na kijidirisha chekundu cha mwale wa infraredi, kama ule wa kuwashia televisheni kutoka mbali. Baadhi ya simu za wakati ule, kwa mfano Nokia 6210 ya mwaka 2000, zilikuwa nacho pia. Ukizielekeza uso kwa uso, ndani ya umbali usiozidi mita moja, kifaa kiliandika na simu ikatuma. Mgeni mmoja aliyetutembelea chuoni mwaka 2002 alituonyesha. Aliandika kwa kijiti, akaweka simu mezani mbele ya Palm kama mtu anayepanga kete za bao, na ujumbe ukaenda. Wakufunzi tulisimama nyuma yake tukitazama kwa heshima. Mmoja wetu, mwalimu wa fizikia, akauliza kama jambo hilo lingewezekana ndani ya basi linaloshuka Kitonga. Mgeni alicheka, akakiri kwamba haliwezekani, kwa kuwa mwale ukikatika kazi huanza upya.

Hata hivyo, naitetea njia hii. Tofauti na zile mbili za kwanza, haikujenga mtandao mpya. Ilipanda mgongoni mwa mtandao ambao watu walikuwa wanaulipia tayari kwa sababu nyingine. Na mtandao huo ulikuwa unakuja kwetu. Huduma ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza mwaka 1994, mwaka uleule ambao shughuli za lile lililokuwa Shirika la Posta na Simu zilianza kutenganishwa. Vodacom ilianza mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Minara ilifuata barabara kuu, ikaingia miji ya wilaya, kisha ikaanza kupanda milima. Kasoro ya njia ya infraredi ilikuwa katika gharama ya kupiga intaneti: simu za mpango wa zamani zilitoa biti 9,600 tu kwa sekunde, na zilihesabu dakika kama mazungumzo. Ukikaa kimya ukisoma, unalipa. Baadaye, mpango wa GPRS ulipokuja na kutoza kwa kiasi cha data badala ya dakika, mwale wa infraredi ulikuwa umeshakuwa wa kizamani, kwa kuwa simu yenyewe ilikuwa imejifunza kazi za kompyuta ya kiganjani. Mtumwa akamrithi bwana.

Njia ya nne inatoka kwa jirani zetu, na ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mwaka 2003 nchini Uganda ulianza mpango ulioitwa Uganda Health Information Network. Walioushika ni shirika la SATELLIFE la Marekani pamoja na wenzao wa Uganda, akiwamo Chuo Kikuu cha Makerere, na ufadhili ulitoka IDRC ya Kanada. Wahudumu wa afya katika wilaya kama Rakai na Mbale walipewa kompyuta za kiganjani za kawaida, zisizo na antena wala modemu. Badala yake, katika kituo cha afya kiliwekwa kisanduku kidogo, kilichotengenezwa na kampuni iitwayo WideRay. Kisanduku hiki kiliwasiliana na Kampala kwa mtandao wa simu za mkononi. Kilipakua miongozo ya tiba na habari za kitabibu na kuzihifadhi ndani yake. Mhudumu akirudi kutoka vijijini na takwimu zake za wagonjwa, alielekeza kifaa chake kwenye kisanduku. Taarifa zikaingia, na zilizomsubiri zikatoka. Baadaye, kwa wakati wake, kisanduku kilipeleka taarifa hizo Kampala.

Msomaji aone tofauti. Katika njia tatu za kwanza, kila mtu alibeba mtandao wake na gharama yake. Katika njia hii ya Uganda, mtandao ulikuwa mali ya kituo, na mtu alibeba daftari tu. Ujumbe ulisubiri karibu na nyumbani, mahali ambapo mhudumu angepita kwa vyovyote vile, na aliyegharamia hatua ya mwisho ni yule aliyezihitaji takwimu. Mhudumu hakununua chochote kutoka mshahara wake. Kazi yake pia haikusimama pale mtandao ulipokosekana, kwa kuwa kifaa kilifanya kazi peke yake na kusubiri. Wakulima wetu wa chai wa Rungwe na Mufindi wataielewa njia hii bila kufundishwa. Hakuna mkulima anayebeba majani yake kwa kilo mbilimbili mpaka kiwandani. Kuna kituo cha kukusanyia, mizani ipo, gari hupita.

Hata bila kisanduku, nchini kwetu ilithibitika kwamba kifaa cha kiganjani kinaweza kufanya kazi kubwa kikiwa kisiwa. Mwaka 2004 watafiti wa afya waliwatumia wadodosaji wenye kompyuta za kiganjani katika mikoa ya Lindi na Mtwara, wakahoji kaya zaidi ya 20,000. Majibu yaliandikwa papo hapo kwenye kifaa, na kifaa chenyewe kilikataa jibu lisilowezekana, kama vile mtoto mwenye umri kuliko mama yake. Hawakungoja mtandao ufike Newala ndipo waanze.

Njia ya Uganda nayo ina kasoro zake. Mwale wa infraredi ulikuwa na masharti yaleyale ya mita moja. Kisanduku kilitoka kwa kampuni moja ya ng'ambo. Kikiharibika, fundi wa Mbale hawezi kukifungua akajua la kufanya. Na mpango wote ulitegemea wafadhili. Njia inayosimama kwa mguu wa mfadhili husimama mpaka mfadhili ahamishe mguu. Lakini kasoro hizi ni za kifaa na za bajeti. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Sasa tuulize: kwa nini nyanda zetu hazikushindwa na mawasiliano, ingawa hakuna hata moja ya njia hizi iliyotufikia kwa ukamilifu? Kwa sababu ilitufikia njia ya tano ambayo hakuna aliyeitangaza kwa mbwembwe: ujumbe mfupi wa simu, herufi 160. Ipime kwa maswali yangu mawili. Ujumbe unasubiri wapi? Katika mitambo ya kampuni, mpaka simu ya mpokeaji iwashwe au mwenyewe apande kwenye kichuguu chake. Hapo huingia bila kuitwa. Nani anagharamia? Mtumaji. Mpokeaji halipi hata senti, hata kama hana salio kwa mwezi mzima. Kwa mara ya kwanza mtu maskini kuliko wote katika mazungumzo aliweza kupatikana bila kulipa. Ongeza vocha ya kukwangua, iliyomruhusu mtu kununua mawasiliano kama anavyonunua chumvi, kwa kipimo cha fedha aliyonayo leo. Ongeza duka la kuchajia simu kwa betri ya gari au umeme wa jua. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, ilipita katika simu hizohizo ndogo zisizo na intaneti, na mwalimu wa Ludewa akaweza kumtumia mama yake fedha bila kupanda basi.

Hapo ndipo uhakiki unapogeuka kuwa jambo la leo. Kishikwambi alichopewa mwalimu ni chombo kizuri. Kioo chake ni kipana, kinabeba mihtasari na vitabu vingi kuliko kabati la shule, kinaonyesha picha. Lakini jinsi kinavyotumiwa mahali pengi, kimerudi kwenye njia ya kwanza, ile ya Palm VII. Kila mwalimu anabeba mtandao wake. Mifumo ya takwimu za shule inataka majina ya wanafunzi, mahudhurio na alama viingizwe kwa intaneti, na ili viingie panahitajika bando. Walimu vijana ambao niliwafundisha, na sasa baadhi yao ni walimu wakuu, wananiambia kwamba aghalabu bando hilo linatoka mfukoni mwao. Betri nayo haidumu majuma kama ya babu yake. Inataka umeme kila siku. Umeme wa vijijini umesambaa sana tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, na hilo ni la kushukuru, lakini kusambaa kwa nguzo si sawasawa na kuwa na soketi katika nyumba ya mwalimu.

Mtu atasema kwamba hii ni hoja ya fedha ndogo. Sikubali. Ni hoja ya ukweli. Mwalimu mkuu ambaye shule yake iko katika kivuli cha mlima, na ambaye ameagizwa takwimu ziwe zimefika kabla ya Ijumaa, ana mambo mawili ya kufanya. Anaweza kupanda pikipiki mpaka mahali penye mtandao, kwa nauli yake, akiacha madarasa. Au anaweza kuziandika namba akiwa mjini siku ya mshahara, kwa kukumbuka. Namba za kukumbuka hufika upesi, hupendeza katika jedwali, na makao makuu huzipanga kwa rangi. Madawati yatagawiwa kwa namba hizo. Walimu wapya watapangwa kwa namba hizo. Na mtoto ambaye hakuhesabiwa kwa macho atakaa sakafuni kwa sababu bando lilikwisha. Ndiyo maana nasema kwamba anayeamua nani agharamie hatua ya mwisho anaamua pia ubora wa habari atakazozipata.

Kuna hoja nyingine ya kujibiwa kwa haki. Wengine husema kivuli kinakwisha: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, unasaidia kujenga minara pale ambapo kampuni zisingekwenda zenyewe kwa kukosa faida, na tangu 2009 nyaya za baharini na mkongo wa taifa zimeleta uwezo mkubwa nchini. Kwa nini basi tuhangaike na visanduku vya kuhifadhia? Naikubali nusu ya hoja hiyo. Minara imeongezeka, nami huongea na wajukuu wangu kwa picha kutoka mahali ambapo zamani tungesubiri lori la posta. Lakini mnara hupunguza kivuli tu. Gharama ya hatua ya mwisho inabaki palepale. Mwalimu aliye chini ya mnara bila salio ana hali ileile ya kijana wa Makete aliyekosa betri. Ujumbe unapita juu ya paa lake.

Pendekezo langu ni dogo, na halihitaji mkutano wa kimataifa. Tuna Vituo vya Walimu. Tuna Maafisa Elimu Kata, ambao walimu wakuu huonana nao mara kwa mara kwa vikao na taarifa. Mahali hapo ndipo kisanduku chetu kikae: kompyuta moja ndogo, laini moja inayolipiwa na ofisi inayozitaka takwimu, paneli moja ya umeme wa jua. Kifaa cha mwalimu kiruhusiwe kufanya kazi yote shuleni bila mtandao, kihesabu watoto mbele ya watoto wenyewe, kikatae jibu lisilowezekana. Akifika kwenye kata, kimimine alichobeba na kichukue kilichomsubiri: waraka, kitabu kipya, matokeo ya mtihani. Mafundi wetu vijana wa Mbeya na Iringa wanaweza kukitengeneza na kukifungua kikiharibika, jambo ambalo halikuwezekana kwa kisanduku cha mwaka 2003. Na pale ambapo habari ni ya dharura, ujumbe mfupi wa herufi 160 utumike, maana hakuna aliyewahi kuubuni bora zaidi kwa mtu asiye na salio.

Zile kampuni za 1999 zilishindana kwa kasi, na karibu zote zimekufa. Waganda hawakushinda kwa kasi. Taarifa yao ilingoja saa kadhaa kisandukuni bila mtu kudhurika. Watakaonunua vifaa vingine kwa ajili ya shule zetu, na bila shaka watanunua, nawasihi wasiishie kusoma karatasi ya sifa za kifaa inayotaja ukubwa wa kioo na wingi wa kumbukumbu. Wachukue kifaa kimoja, wakipeleke kwenye shule ya mwisho ya kata ya mwisho, wamkabidhi mwalimu siku ya ishirini ya mwezi, wakati mshahara umekwisha. Kisha wasubiri mpaka siku ya thelathini waone kama namba zake zimefika, na zimehesabiwa wapi.